Buluu na nyeupe kidakani: Kichina, Kituruki, Kiholanzi au Kiingereza?

Anayetengeneza nyumba ya mawe hapa Lamu, au anayemwandalia binti yake chumba cha harusi, hufika mahali akakwama. Ukuta umepakwa chokaa, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, zimekauka, na nyumba nzima imekubaliana kwamba vyombo viwe vya buluu na nyeupe. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Shangazi anataka vya Kichina kama alivyovikuta kwa bibi yake. Binti ameona kwenye simu sahani za Kituruki zenye maua ya mashina marefu. Jamaa aliyeko Ulaya anapiga kuuliza: nilete za Kiholanzi, au zile za Kiingereza zenye mti na daraja?

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msianze na rangi. Buluu ya vyote vinne ni madini yale yale ya kobalti, na weupe wa vile vitatu visivyo vya Kichina ulianza kwa kuitamani kauri ya China. Kinachovitenga ni maumbile yaliyochorwa na sababu ya kuchorwa. Mchina huchora kumtakia mtu heri. Mturuki huchora bustani. Mholanzi huchora nchi yake. Mwingereza huchora kisa. Mkijua mnataka kuamka kila siku mbele ya kipi kati ya hivyo, mabishano yanapungua sana.

Wala vyombo hivi si vigeni pwani. Kobalti nzuri iliyotumiwa China katika karne ya 14 ilitoka Uajemi, ikachorewa huko China, kisha vyombo vikarudi magharibi kwa bahari hadi kufikia bandari zetu pamoja na bidhaa za kaskazi. Vimefukuliwa kwenye magofu ya Gede. Kaburi la nguzo la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipachikwa mabakuli ya enzi ya utawala wa Ming wa China. Utenzi wa Inkishafi unapoulilia mji wa Pate, unataja madaka ya sahani yaliyogeuka makazi ya makinda ya ndege. Na katika nyumba za kale za Lamu bakuli la kauri lilijengewa kwenye sakafu ya birika la maji la chooni, ili samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wapate pa kukaa maji yanapopungua. Walikuwapo pia walioamini kwamba chombo cha kauri ukutani hupokea jicho baya kabla halijamfikia mtu. Kwa hiyo anayechagua leo anaendeleza jambo la wazee wake, na inafaa achague kwa kujua.

Nitakavyovipima

Mambo matano: maumbile yaliyochorwa yanasema nini, je, kuna picha za vyenye roho, udongo wake unavumilia vipi hewa ya chumvi, chombo kinavyokaa kidakani na mezani, na urahisi wa kukipata bila kudanganywa. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu ndilo linaloulizwa mara chache dukani na ndilo utakaloishi nalo.

Maumbile yanasema nini

*Kichina.* Mji wa kauri hii ni Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, na fundi wa huko hachori jani bila nia. Peoni, ua lile nene lenye tabaka nyingi, ni utajiri na heshima. Yungiyungi ni usafi, kwa kuwa mizizi yake imo topeni na ua linatoka halina doa. Komamanga lililopasuka likaonyesha mbegu ni kuomba watoto wengi. Pichi ni umri mrefu, na korongo vilevile. Bata wawili wanaoogelea pamoja ni mume na mke wasioachana. Msonobari, mwanzi na ua la mplamu wakichorwa pamoja huitwa marafiki watatu wa majira ya baridi: wawili hawapukutiki na wa tatu huchanua kungali na theluji, kwa hiyo wanamtakia mwenye nyumba ustahimilivu. Mitungi ya wakati wa mfalme Kangxi (1662–1722) mara nyingi ina maua ya mplamu yaliyotawanyika juu ya barafu inayopasuka. Hiyo ni shida inayokwisha na neema inayoingia, na kwangu ni moja ya michoro mizuri kuliko yote iliyowahi kuwekwa juu ya udongo.

Baadhi ya alama hizi hazisafiri. Popo kwa Mchina ni baraka kwa sababu jina lake linatamkwa sawa na neno la baraka, na samaki ni wingi wa riziki kwa sababu kama hiyo. Samaki tunamwelewa bila kufundishwa. Popo atahitaji maelezo kwa kila mgeni, na si kila mama mkwe atayapokea. Joka nalo ni mvua, maji na mamlaka. Lile la kucha tano lilikuwa la mfalme. Ni picha nzito kwa chumba cha kulala.

Lakini komamanga! Surat Ar-Rahman inalitaja pamoja na mitende katika matunda ya Peponi. Sahani ya komamanga na peoni inamtakia bibi harusi jambo lile lile ambalo mama zake wangemwombea, na hakuna anayelazimika kueleza chochote.

*Kituruki.* Mafundi wa Iznik, mji wa Uturuki, walianza buluu na nyeupe mwishoni mwa karne ya 15, wakiwa na kauri ya Kichina mbele ya macho yao. Jumba la Topkapi mjini Istanbul mpaka leo lina zaidi ya vyombo 10,000 vya China. Waliiga mashada ya zabibu ya Ming na ukingo wa mawimbi na miamba, kisha polepole wakageukia bustani zao wenyewe: tulipu, waridi, haisinthi, karnesheni, mberoshi, na lile jani refu lililopinda lenye meno kama msumeno.

Maana hapa haiko kwenye kila ua kama China. Iko kwenye bustani nzima. Bustani iliyopangwa, yenye maji na kivuli, ni ukumbusho wa Pepo. Hata hivyo maua mawili yana uzito wa peke yake. Tulipu kwa maandishi ya Kituruki cha zamani, yaliyokuwa ya herufi za Kiarabu, huandikwa kwa herufi zile zile za jina la Allah zilizopangwa upya, na msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul umejaa tulipu za kila namna kwenye vigae vyake. Waridi huhusishwa na Mtume (S.A.W.). Nyumba inayotaka ukuta unaokumbusha dini bila kuandika aya ukutani haitapata lugha laini kuliko hii.

Upungufu wake ni kwamba hauombi jambo mahususi. Anayetaka picha ya watoto, ya umri mrefu au ya ndoa kudumu haioni humo.

*Kiholanzi.* Kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki iliundwa 1602 na ikajaza Uholanzi kauri ya China. Utawala wa Ming ulipoanguka 1644 na vita vikapunguza mizigo, mafundi wa mji wa Delft wakaziba pengo. Mwanzo waliiga Uchina. Baadaye wakachora walichokiona dirishani: vinu vya upepo, mifereji, ng'ombe malishoni, mashua, na tulipu. Tulipu hiyo ilitoka kwa Waturuki. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliipanda Leiden miaka ya 1590, na kufikia 1637 Waholanzi walikuwa wakiuziana mizizi yake kwa bei za ajabu, hata soko likaporomoka. Ua lile lile ambalo Istanbul ni ukumbusho wa Mola, Delft ni mali na fahari ya nchi.

Mambo ya Delft hayana fumbo kubwa. Yanasema: hapa ndipo kwetu, maji haya ndiyo yanatulisha. Kwa ukoo wa mabaharia au wa mafundi wa majahazi huko Matondoni, hilo ni neno la kutosha.

*Kiingereza.* Nakshi ya mwerebi ilitungwa Uingereza miaka ya 1790 hivi kwa kuigiza mandhari za Kichina: mti wa mwerebi unaoinamia maji, daraja lenye watu watatu, mashua, uzio, na ndege wawili juu. Kisa cha wapenzi waliofukuzwa na baba wa msichana wakafa na kugeuka njiwa kilitungwa huko huko Uingereza, sahani zikiwa tayari sokoni. China yenyewe ina desturi ya kumkatia msafiri kitawi cha mwerebi wakati wa kuagana, kwa hiyo mti ni wa kweli hata kama kisa ni cha wauzaji.

Ndicho chombo pekee kati ya vinne ambacho mtoto anaweza kukisoma kwa kidole, kutoka daraja hadi ndege. Lakini kisa chenyewe kinaishia kwenye vifo vya wapendanao. Mezani kwa wageni ni hadithi nzuri. Chumbani kwa bibi harusi, mimi nisingekiweka.

Picha za vyenye roho

Nyumba nyingi za Lamu hazitaki picha za viumbe ukutani, hasa chumba kinachosaliwa. Nakshi zetu wenyewe, za chokaa na za milango, ni majani, maua na maumbo ya hesabu. Kwa kigezo hiki Kituruki ndicho chepesi kuliko vyote, ingawa Iznik nako wamechora ndege na wanyama, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa. Kichina kinahitaji uchaguzi: yungiyungi, peoni na komamanga peke yake vipo tele, na wakati wa mfalme Zhengde (1506–1521) zilitengenezwa hata kauri za buluu zenye maandishi ya Kiarabu. Kiholanzi kinategemea: sahani ya chungu cha maua ni salama, ya wavuvi na ng'ombe si salama kwa mwenye kujali. Mwerebi hauna njia. Ndege na watu ndio nakshi yenyewe.

Udongo na hewa ya chumvi

Hapa Kichina kinatangulia, na sababu ni moto. Kauri ya Jingdezhen huchomwa karibu na nyuzi 1,300, kobalti ikiwa chini ya ngozi ya kioo, mpaka mwili mzima unashikana na haunywi maji. Ndiyo maana bakuli liliweza kukaa ndani ya birika miaka na miaka.

Delft ni udongo wa kawaida uliofunikwa kioo cheupe chenye bati, na huchomwa kwa moto mdogo zaidi. Ukingo wake humeguka kwa urahisi, na palipomeguka udongo hunywa unyevu. Ukuta wa matumbawe karibu na bahari una chumvi na unyevu wa kutosha kuendeleza uharibifu huo. Iznik ya kale ni mchanganyiko wa mawe meupe yaliyosagwa chini ya kioo chenye madini ya risasi: ngumu kuliko Delft, dhaifu kuliko kauri. Mwerebi wa kawaida ni udongo mgumu mweupe, buluu yake imepigwa chapa kwa karatasi laini kutoka bamba la shaba kisha ikafunikwa kioo. Unavumilia vizuri mradi haujapata nyufa ndogo za kikahawia.

Kidakani na mezani

Chumba cha ndani hakina mwanga mwingi, na zidaka hutazamwa kutoka kitandani au kwenye kiti, si kwa kukaribia. Kaa umbali huo kabla ya kuamua. Mwerebi, kwa kuwa umejaa michoro kuanzia ukingo hadi kati, kwa mbali unakuwa wingu la buluu. Sahani ya Kituruki yenye tulipu chache na weupe mwingi inasomeka kutoka mlangoni. Kichina kinatofautiana: mtungi wa mplamu na barafu una buluu nzito inayohitaji mwanga, bakuli la yungiyungi la mistari myepesi linang'aa hata gizani. Delft hukaa vizuri ikiwa mchoro ni mmoja katikati. Zidaka zina kina kidogo, kwa hiyo sahani isimame juu ya kishikizo, isiegemee ukuta wenye unyevu.

Mezani maswali ni mengine. Kauri ya Kichina ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na mwerebi wa kisasa, hubeba pilau na mchuzi bila wasiwasi. Vyombo vya Kituruki vya mapambo, ambavyo siku hizi vingi hutengenezwa Kütahya, mji mwingine wa Uturuki, na Delft ya zamani, viacheni ukutani isipokuwa nyuma imeandikwa kwamba vinafaa kwa chakula. Risasi iliyomo kwenye kioo hutolewa na vitu vikali, na jikoni kwetu vitu vikali ni kila siku: ndimu, ukwaju, siki, achari ya embe. Chombo cha zamani cha asili yoyote, hata kiwe kizuri vipi, kisitiliwe achari.

Kukipata bila kudanganywa

Kichina ndicho rahisi kupatikana, na hapo hapo ndipo uigaji ulipo mwingi. Vuta picha kwa kamera ya simu: brashi huacha buluu nzito na nyepesi ndani ya jani moja, chapa huacha vitone vilivyopangwa sawasawa. Vya chapa si vibaya, ila visiuzwe kwa bei ya mkono. Kituruki huletwa zaidi na wasafiri wa Istanbul. Sema waziwazi unataka buluu na nyeupe, kwa sababu tangu katikati ya karne ya 16 mafundi waliongeza rangi nyekundu na kijani, na hiyo ndiyo inayouzwa zaidi. Delft ya mkono ni ghali, na vitu vingi vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina hilo ni zawadi za watalii. Mwerebi ni mwingi kwenye vitu vya mitumba vya Uingereza. Ukiona mahali ukingo wa nakshi umeungana vibaya, hilo ni alama ya karatasi ya chapa, ndivyo ulivyotengenezwa.

Jambo moja sitalipunguza maneno. Makaburi mengi ya nguzo pwani yamebaki na mashimo ya duara palipokuwa mabakuli. Mtu akikuletea chombo "cha kale kutoka magofuni", usikinunue. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na kabla ya sheria kuna maiti aliyewekewa pambo hilo na jamaa zake. Ukitaka kuona vya kale, nenda makumbusho ya Lamu au ya Gede ukajifunze jicho, kisha ununue vipya.

Kwa hali yako

Chumba cha bibi harusi: Kichina cha komamanga, peoni au yungiyungi, na kama familia haina tatizo na picha za viumbe, kimoja chenye bata wawili. Ikiwa wazee wa pande zote mbili wana msimamo mkali juu ya vyenye roho, chukueni Kituruki na mkubaliane mapema kwamba kitasema bustani, hakitasema watoto.

Sebule inayopokea wageni wa dini na watu wa maulidi: Kituruki, sahani chache kubwa, tulipu na waridi, na zidaka nyingine ziachwe tupu zipumue.

Nyumba ya kupangisha wageni, ambako vyombo vitashikwa na watu wengi: mwerebi au Kichina cha kawaida. Havilizi sana vikivunjika, na mwerebi humpa mgeni kitu cha kuuliza wakati wa chai.

Nyumba ya mtu wa bahari, au aliyerithi kipande kimoja kutoka kwa jamaa wa Ulaya: Delft yenye mashua, moja tu, kwenye kidaka kikavu mbali na upande wa choo.

Mgonjwa anayepona, mwanafunzi aliyefaulu baada ya kurudia, mjane anayeanza upya: mtungi mdogo wa mplamu na barafu, na mwambie maana yake unapompa.

Na kama shangazi na binti bado hawajakubaliana, zidaka ni nyingi. Safu ya chini, inayoonekana ukiwa umeketi, apewe mwenye chumba. Ya juu apewe shangazi. Msichanganye asili mbili kwenye safu moja, kwa sababu weupe wa kauri ni wa baridi na weupe wa Kituruki na wa Delft una joto kidogo, na vikikaa bega kwa bega kimoja kitaonekana kichafu.